Si Kila Anayebanwa Pumzi Uwanjani Ana Pumu: Wakati Mwingine ni Koo

Walimu wa michezo waliowahi kusimamia mbio za mita 800 au 1,500 katika mashindano ya shule, yakiwemo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, huenda wameshuhudia hali hii. Mkimbiaji aliyekuwa akiongoza anapunguza kasi ghafla katika mzunguko wa mwisho, anashika shingo yake, na kila anapovuta hewa mlio mkali unasikika hadi pembeni mwa uwanja. Neno la kwanza kutajwa ni pumu. Inhela inatafutwa, mwanafunzi anavuta dawa, na baada ya dakika tatu au nne anapumua bila shida. Wote waliopo wanaamini kwamba dawa imemwokoa.

Huenda imemwokoa kweli. Lakini huenda pia dawa haikuwa na kazi yoyote, kwa sababu ipo hali nyingine inayofanana mno na pumu, ambayo hutulia yenyewe ndani ya muda kama huo mara tu mtu anapoacha kukimbia. Hali hiyo haianzii mapafuni bali kooni, nayo inaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni kubana kwa zoloto wakati wa mazoezi. Kuitofautisha na pumu si suala la majina tu. Kijana asiye na pumu anaweza kutumia dawa za pumu kwa miaka bila nafuu, dozi ikiongezwa kila anaporudi hospitali, na hatimaye akaacha mchezo alioupenda au akaitwa mvivu anayejisingizia ugonjwa.

Zoloto ni kile kisanduku cha gegedu kilicho mbele ya shingo, mlangoni mwa bomba la hewa. Ndani yake zimo nyuzi mbili za sauti zilizokaa mfano wa herufi V, na juu yake kipo kifuniko kinachosaidia kuziba njia ya hewa mtu anapomeza. Wengi hulifahamu zoloto kwa kazi ya sauti, lakini kazi yake ya asili ni ulinzi: kuhakikisha tonge na maji haviingii mapafuni. Ndiyo maana misuli yake mingi ni ya kufunga au kukaza. Misuli inayozifungua nyuzi za sauti ni jozi moja tu, iliyoko upande wa nyuma.

Mtu mzima aliyeketi kwa utulivu hupitisha takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote, kiasi hicho chaweza kuvuka lita 100, na hewa yote hiyo hupita katika mlango uleule. Kwa kawaida ile jozi ya misuli huzivuta nyuzi pembeni na mlango hutanuka kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwa mwenye tatizo hili mambo huenda kinyume: anapohitaji hewa zaidi, ndipo mlango unapopungua. Kwa baadhi ya watu, kinachoanza kuingia ndani ni nyama laini zilizo juu ya nyuzi za sauti. Kwa wengine nyuzi zenyewe ndizo hukaribiana. Na wapo ambao hali ya kwanza huifuata ya pili. Fizikia yake si ngumu. Hewa inapopita kwa kasi katika tundu jembamba, msukumo wake dhidi ya kuta hupungua, na kuta laini hunyonywa kuelekea ndani, kama mrija wa karatasi uliolowa unavyobonyea mtu anaponyonya soda kwa pupa.

Pumu inayochochewa na mazoezi hufuata njia nyingine kabisa. Humo tatizo liko katika njia nyembamba za hewa zilizotawanyika ndani ya mapafu. Mkimbiaji huingiza hewa nyingi kwa kasi kuliko pua inavyoweza kuipasha joto na kuitia unyevu, hivyo njia hizo hukauka. Ukavu huo huzifanya seli zilizomo kutoa kemikali zinazokaza misuli ya kuta zake. Njia zikishakazwa, hewa iliyo ndani hutoka kwa shida, na hapo ndipo mlio mwembamba wa kifuani husikika.

Kutokana na tofauti hiyo ya mahali, yapo maswali mawili ambayo mzazi, mwalimu au mgonjwa mwenyewe anaweza kuyajibu kabla hata ya kufika hospitali. La kwanza ni hili: je, mlio unasikika wakati wa kuvuta hewa au wakati wa kuitoa? Pumu hutesa zaidi katika kutoa pumzi, na mlio wake hutoka kifuani. Zoloto likibana, taabu iko katika kuvuta, na mlio ni mkavu, wenye kukwaruza, unaotoka kooni. Ni swali jepesi ambalo mara nyingi halijaulizwa, kwa kuwa mgonjwa akishasema "nabanwa na kifua nikikimbia", jibu huonekana limekwishapatikana.

Swali la pili linahusu saa. Pumu ya mazoezi kwa kawaida hufikia kilele baada ya mazoezi kukoma, aghalabu kati ya dakika 5 na 15 baadaye, na inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kutulia. Mkimbiaji mwenye pumu anaweza kumaliza mbio zake, akapokea pongezi, kisha akaanza kukohoa akiwa amekaa chini ya mti. Zoloto hubana wakati mtu yuko katika kasi yake ya juu kabisa, na huanza kufunguka anapoacha, mara nyingi ndani ya dakika 5. Huchelewa zaidi pale mhusika anapoingiwa na hofu na kuendelea kuhema kwa nguvu, jambo lisiloshangaza kwa mtu anayehisi kama amekabwa.

Zipo dalili nyingine zinazosaidia, ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake. Mwenye tatizo la zoloto mara nyingi huweka mkono kooni anapoeleza anachohisi, ilhali mwenye pumu huuweka kifuani. Mwenye pumu huweza kuamshwa usiku na kikohozi, au kubanwa na vumbi, moshi na mafua hata siku asizofanya mazoezi; mwenye tatizo la zoloto la aina hii hulala vizuri na hana shida akitembea au akifanya kazi za kawaida. Aidha, inhela ya salbutamol iliyovutwa dakika chache kabla ya mazoezi humkinga kwa kiasi kikubwa mwenye pumu, lakini haimfai kitu mwenye zoloto linalobana, kwa sababu dawa hiyo hulegeza misuli ya njia za hewa za mapafuni na haina uwezo wa kulishikilia koo wazi.

Historia ya tatizo hili inaeleza kwa nini limechelewa kueleweka. Mwaka 1842 daktari Robley Dunglison aliielezea hali ya koo kubana kwa wanawake na kuihusisha na kile kilichoitwa wakati huo histeria. Mwaka 1974 ilipewa jina la Munchausen, yule baroni wa hadithi za Kijerumani anayejulikana kwa uongo wake, kana kwamba wagonjwa walikuwa wakiigiza. Majina ya namna hiyo hayakuwatendea haki wagonjwa, na kivuli chake kingalipo kila mwanafunzi wa kike anapoambiwa kwamba anabanwa kwa sababu ya woga wa mashindano. Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1983, pale madaktari wa hospitali ya National Jewish iliyoko Denver, Marekani, walipochapisha taarifa za wagonjwa watano waliokuwa wakitibiwa kama wenye pumu isiyodhibitika. Walipowachunguza kooni wakati wa shambulio, waliona nyuzi za sauti zikikaribiana badala ya kufunguka. Mapafu hayakuwa chanzo cha mlio, na wagonjwa walipata nafuu kwa tiba ya usemi na msaada wa kisaikolojia.

Hata hivyo, kulichunguza koo la mtu aliyetulia hakutoshi kwa tatizo linalojitokeza katika mbio pekee. Mwaka 2006 watafiti wa Bergen, Norway, walieleza njia ya kulitazama zoloto mtu akiwa anakimbia. Kamera nyembamba inayopinda hupitishwa puani na kufungwa kwenye kofia maalumu, kisha mgonjwa hukimbia juu ya mashine huku picha ya zoloto ikionekana kwenye skrini tangu hatua ya kwanza hadi anapochoka. Mwendo wake, sauti ya pumzi na picha hurekodiwa kwa pamoja. Hadi sasa kipimo hicho ndicho kinachotegemewa zaidi, na hata katika nchi tajiri hufanyika katika vituo vichache.

Ni kwa njia hiyo ilipobainika kwamba hali hii si ya nadra kama ilivyodhaniwa. Katika jiji la Copenhagen, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kuwa asilimia 7.5 ya vijana wa miaka 14 hadi 24 wanayo. Katika mji wa Uppsala, Sweden, matokeo ya mwaka 2015 kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 yalikadiria asilimia 5.7 kwa kubana kwa zoloto, na asilimia 19.2 kwa kukazwa kwa njia za mapafuni. Takwimu hizo ni za Skandinavia na haziwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki zilivyo, lakini zoloto la mwanadamu ni moja. Uchunguzi wa Uppsala ulionyesha pia jambo ambalo wazazi watapenda kulisikia: karibu nusu ya wanafunzi waliolalamika kubanwa wakikimbia hawakuwa na tatizo lolote kati ya hayo mawili. Wengi wa aina hiyo huwa wamefikia tu kikomo cha uwezo wa miili yao, jambo linalorekebishwa na mazoezi ya kawaida.

Wanaoathirika zaidi kliniki ni vijana wa rika la kubalehe, na wasichana ndio huonekana kwa wingi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kimaumbile: katika balehe zoloto la mvulana hukua na kupanuka kuliko la msichana, wakati mahitaji ya hewa ya wote wawili yanapanda. Maumbile hayaelezi kila kitu. Asidi inayopanda kutoka tumboni, makamasi yanayoshuka nyuma ya pua, na shinikizo la mashindano huweza kulifanya koo liwe jepesi kubana, na ndiyo maana daktari makini huuliza habari za kiungulia na mafua sugu.

Jambo moja linapaswa kusisitizwa bila kuzunguka. Magonjwa haya mawili huweza kumkuta mtu mmoja. Kijana mwenye pumu ya kweli anaweza pia kuwa na zoloto linalobana, na dawa zake zikaonekana kushindwa ilhali zinafanya kazi yake mapafuni vizuri. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kuitupa inhela yake kwa sababu amesoma kwamba mlio wake ni wa kuvuta hewa. Pumu isiyotibiwa huua, na kubana kwa zoloto wakati wa mazoezi, kwa kadiri kunavyotisha, kwa kawaida huisha mtu anapopumzika. Kosa la kumnyima dawa mwenye pumu ni zito kuliko kosa la kumpa asiye nayo. Uamuzi wa kupunguza au kuacha dawa ni wa daktari, baada ya vipimo.

Vipimo vyenyewe si lazima vianzie kwenye kamera ya Bergen. Kifaa kidogo cha plastiki cha kupima kasi ya pumzi kinaweza kutumika kabla ya kukimbia na mara kadhaa katika nusu saa inayofuata. Kwa usahihi zaidi, hospitali yenye spairometa hupima kiasi cha hewa kinachotolewa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza. Kikishuka kwa asilimia 10 au zaidi baada ya mazoezi makali, hiyo ni ishara ya pumu ya mazoezi. Kama hakishuki, na mgonjwa alibanwa kweli wakati wa kipimo, macho yageukie kooni. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kupitisha kamera puani mgonjwa akiwa ameketi. Pengine hataona zoloto likibana, kwa kuwa halibani wakati wa utulivu, lakini atahakikisha hakuna ugonjwa mwingine uliojificha hapo.

Katika mazingira ambayo hakuna mashine ya kukimbilia yenye kamera, simu ya mkononi ni msaada mkubwa. Mzazi au mwalimu akirekodi video fupi yenye sauti wakati wa shambulio, ikionyesha shingo, kifua na namna hewa inavyovutwa, daktari atasikia mwenyewe kama mlio ni wa kuvuta au wa kutoa. Video hiyo inafaa ianze wakati tatizo linaendelea na iendelee hadi pumzi inapotulia, ili muda nao uonekane. Maelezo ya mdomo, hata yakiwa marefu, hayafikii ushahidi huo.

Tiba ya zoloto linalobana huanza na maelezo. Mgonjwa akiona picha au mchoro wa kinachotokea na kuelewa kuwa hafi wala hajidanganyi, hofu hupungua, na shambulio lenyewe mara nyingi huwa jepesi. Inayofuata ni mafunzo ya kupumua, ambayo hutolewa na wataalamu wa tiba ya usemi au wa tiba kwa mazoezi. Mkimbiaji hujifunza kulegeza mabega na taya, kupumua kwa kutumia kiwambo badala ya kifua cha juu, kunusa hewa kwa pua kwa haraka, kitendo ambacho kwa asili huzifungua nyuzi za sauti, kisha kuitoa polepole kupitia midomo iliyobanwa kidogo au kwa sauti ya "sss". Mafunzo hayo hufanywa kwanza akiwa ameketi, halafu akitembea, na mwishowe katika kasi ya mashindano. Anayejifunza akiwa kitandani tu hatayakumbuka akiwa na wapinzani watatu mbele yake. Upasuaji wa kupunguza nyama zinazoingia ndani upo, lakini hubaki kwa wachache walio na hali kali iliyothibitishwa kwa kamera.

Kwa wanariadha wa ngazi ya juu, utambuzi sahihi una uzito wa ziada. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni zinaruhusu salbutamol ya kuvuta isiyozidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isiyozidi mikrogramu 600 katika kila saa 8. Inhela nyingi za kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa kila mvuto, hivyo mwanariadha anayeongeza mvuto juu ya mvuto kwa sababu hapati nafuu anaweza kuvuka mpaka bila kukusudia, tena kwa ugonjwa asio nao. Mwenye pumu ya kweli, kwa upande wake, hana sababu ya kuiogopa riadha. Paula Radcliffe wa Uingereza aligundulika kuwa na pumu akiwa kijana, na mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake jijini London kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2019, ilipovunjwa na Brigid Kosgei wa Kenya jijini Chicago.

Yapo magonjwa mengine ya koo yanayovaa sura ya pumu, na haya hayaishi kwa mazoezi ya kupumua. Tezi la shingo lililovimba, ambalo kwa miaka mingi limejulikana katika maeneo ya nyanda za juu yenye upungufu wa madini joto, laweza kulisukuma bomba la hewa na kumfanya mtu ahemewe anapopanda mlima. Bomba hilo laweza pia kuwa na kovu linalolipunguza upana kwa mtu aliyewahi kuwekewa mpira wa kupumulia akiwa mahututi. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti huweza kuumia katika upasuaji wa tezi hilo. Kwa watoto, ipo hali ya vinyama vinavyoota kwenye zoloto kutokana na baadhi ya aina za virusi vya HPV, nayo huanza kwa sauti kukwaruza kabla ya pumzi kuwa na mlio. Mtoto wa namna hiyo akitibiwa pumu kwa miezi mingi, vinyama huendelea kukua. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au mlio wa kuvuta hewa unaosikika hata mtu akiwa ametulia, ni sababu ya kupewa rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Uwanjani, mwalimu anapokabiliwa na mwanafunzi aliyebanwa, cha kwanza ni kumsimamisha na kumketisha akiwa ameinama kidogo mbele, kumtaka anuse hewa kwa pua na kuitoa polepole, na kuwazuia wenzake kumzonga. Kama ana inhela aliyoandikiwa na daktari, apewe aitumie. Saa iangaliwe. Asiyepata nafuu ndani ya dakika chache, anayeshindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, ambaye midomo yake inabadilika rangi, anayelegea au kusinzia, au aliyevimba uso na kutokwa na vipele baada ya kuumwa na mdudu au kula kitu, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kujua kama ni koo au ni mapafu.